Namna ya Kupima Wagombea Urais Katika Mdahalo wa Televisheni: Mwongozo kwa Wananchi wa Kibondo na Kasulu

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Mdahalo wa wagombea urais ni mkutano unaorushwa moja kwa moja na vyombo vya utangazaji, ambapo wagombea wawili au zaidi hujibu maswali yale yale kwa muda uliopangwa, chini ya usimamizi wa mwendesha mdahalo asiyefungamana na chama chochote. Mkutano wa kampeni humpa mgombea jukwaa lake, wasikilizaji wake na muda wake. Mdahalo humweka mbele ya mpinzani anayeweza kumkosoa papo hapo. Kwa sababu hiyo ni miongoni mwa nafasi chache ambazo mpiga kura anaweza kuwalinganisha wagombea kwa kipimo kimoja.

Makala haya yanaeleza historia fupi ya midahalo hiyo katika Afrika Mashariki, vigezo vya kumpima mgombea, na mambo ambayo mwananchi wa nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, hususan wilaya za Kibondo na Kasulu, anapaswa kuyazingatia kulingana na mazingira yake.

Mdahalo na sheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 39, inaeleza sifa za mtu anayeweza kuchaguliwa kuwa Rais. Miongoni mwake ni kuwa raia wa kuzaliwa wa Jamhuri ya Muungano, kutimiza umri wa miaka 40, na kuwa mwanachama na mgombea aliyependekezwa na chama cha siasa. Kushiriki mdahalo si mojawapo ya sifa hizo. Mgombea halazimiki kuhudhuria, na alama anazopewa na watazamaji hazina nguvu yoyote kisheria. Kinachohesabiwa ni kura halali zilizopigwa vituoni.

Hata hivyo, uzito wa uamuzi wenyewe unatosha kumfanya mwananchi autazame mdahalo kwa makini. Kwa mujibu wa Ibara ya 41 ya Katiba, mgombea anayepata kura nyingi zaidi kuliko mwingine yeyote ndiye hutangazwa mshindi, na akishatangazwa na Tume hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Rais hushika madaraka kwa kipindi cha miaka mitano, akiwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Kwa hiyo muda wa kuuliza maswali na kupima majibu ni kabla ya kura.

Historia fupi

Mdahalo unaotajwa mara nyingi kuwa chimbuko la midahalo ya televisheni ulifanyika Chicago, Marekani, tarehe 26 Septemba 1960, kati ya John F. Kennedy na Richard Nixon. Tangu wakati huo imekuwa ikisimuliwa kwamba waliousikia kwa redio walimwona Nixon kuwa mshindi, na waliouona kwa televisheni wakampa ushindi Kennedy. Ushahidi wa simulizi hiyo ni mdogo na wataalamu wameubishia, lakini swali linaloibuliwa nalo bado lina maana: je, tunapima hoja au tunapima sura?

Nchini Tanzania, mdahalo wa kukumbukwa ni ule wa mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992. Wagombea wote wanne walishiriki: Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP. Katika matokeo, Mkapa alipata asilimia 61.8 ya kura, Mrema 27.8, Lipumba 6.4 na Cheyo 4.0. Wakati huo televisheni binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza Tanzania Bara na Televisheni ya Taifa ilikuwa haijaanzishwa, hivyo wakazi wengi wa Kigoma walitegemea redio, magazeti na masimulizi. Tangu hapo hakujafanyika mdahalo mwingine uliowakutanisha wagombea wote wa vyama vikubwa.

Nchini Kenya, midahalo ya kwanza ilifanyika Nairobi tarehe 11 na 25 Februari 2013, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi. Wagombea wote wanane walipanda jukwaani, wakiwemo Uhuru Kenyatta, Raila Odinga, Martha Karua na Mohammed Abduba Dida, mwalimu ambaye wengi hawakuwa wakimfahamu kabla ya usiku ule. Dida alizungumzwa sana baada ya mdahalo, lakini alipata asilimia 0.43 tu ya kura. Pamoja na hayo, alimzidi Karua, mwanasiasa aliyewahi kuwa waziri. Mdahalo ulimpa mtu asiyejulikana nafasi ya kusikika, ingawa haukumpa kura za kutosha kushinda.

Uganda ilifanya mdahalo wake wa kwanza tarehe 15 Januari 2016 mjini Kampala. Rais Yoweri Museveni hakuhudhuria huo, ila alishiriki wa pili tarehe 13 Februari, siku tano kabla ya kura.

Vigezo vitano vya kupima

Mwananchi hahitaji utaalamu wa siasa ili kumpima mgombea. Anahitaji karatasi, kalamu na vigezo ambavyo atavitumia kwa wagombea wote bila upendeleo. Kwa kila jibu, mgombea anaweza kupewa alama 0, 1 au 2 katika kila kigezo kati ya hivi vifuatavyo, hivyo jibu moja likawa na jumla ya alama 10.

*Kwanza, je, amejibu swali lililoulizwa?* Ni jambo la kawaida mgombea kulitaja swali katika sentensi ya kwanza, kisha akahamia jambo alilojiandaa nalo. Njia rahisi ya kumgundua ni kuliandika swali kabla hajaanza kujibu, kisha kulisoma tena anapomaliza.

*Pili, je, anachokieleza ni sahihi?* Mgombea anapotaja idadi, mwaka au jina la mradi, yaandikwe ili yahakikiwe baadaye. Si lazima mtazamaji ajue ukweli wake papo hapo. Takwimu za sensa, hotuba za bajeti na taarifa za mawizara ni nyaraka za umma, na Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya kutafuta na kupata habari. Kigezo hiki basi hujazwa alama siku inayofuata.

*Tatu, je, ameeleza nani atatekeleza, kwa fedha gani na lini?* Kigezo hiki ndicho kinachotenganisha ahadi na mpango, na kinafafanuliwa zaidi hapa chini.

*Nne, je, anaielewa nchi nzima?* Rais wa Jamhuri ya Muungano anaongoza nchi yenye Serikali mbili. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba imeorodhesha Mambo ya Muungano 22, yakiwemo mambo ya nchi za nje, ulinzi na usalama, uraia na uhamiaji. Kilimo, afya na elimu ya msingi si Mambo ya Muungano. Kwa upande wa Zanzibar husimamiwa na Serikali ya Mapinduzi. Mgombea anayeahidi jambo moja kwa pande zote mbili bila kutofautisha mamlaka hizo anaonesha kwamba hajajiandaa.

*Tano, mwenendo wake ukoje?* Hapa huangaliwa kama anaheshimu muda, anamsikiliza mpinzani, anajibu hoja bila kumtukana mtu, na kama anaweza kukubali kwamba jambo fulani ni gumu. Urais ni kazi ya kusikiliza ushauri unaopingana na kuamua chini ya shinikizo. Jukwaa la mdahalo linatoa kielelezo kidogo cha tabia hiyo.

Mambo yasiyostahili alama ni mavazi, umbo, uzito wa sauti, lafudhi, kabila, dini na idadi ya vicheko alivyoibua ukumbini. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Lakini pia si kila anayenena kwa upole ana hoja. Ufasaha ni nyenzo ya kueleza sera, na usipimwe kana kwamba ndio sera yenyewe.

Mfano wa kupima: barabara na maharage

Tuchukue swali ambalo mkulima wa Kasulu angependa kulisikia likiulizwa: mgombea atafanya nini ili maharage na mahindi yatoke shambani na kufika sokoni msimu wa mvua bila kuharibika?

Mgombea wa kwanza, wa kubuni, anajibu kwamba atajenga kwa lami barabara zote za Kigoma ndani ya mwaka wake wa kwanza, na ukumbi unamshangilia. Mgombea wa pili, naye wa kubuni, anaeleza kwamba ziko barabara za aina mbili. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), na mfano wake ni ile ya Kabingo–Kasulu–Manyovu yenye urefu wa takriban kilomita 260. Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi mwaka 2017. Anaongeza kwamba gunia la maharage hukwama kwanza katika barabara ya kijiji kabla ya kufika ile ya lami, hivyo ataanza na makalavati na madaraja ya njia hizo, na anataja fungu la bajeti atakalolitumia.

Kwa kigezo cha tatu, mgombea wa kwanza anastahili 0. Hakusema nani, hakusema fedha na muda alioutaja hautekelezeki. Mgombea wa pili anastahili 2, hata kama hakushangiliwa.

Lipo jambo moja la kalenda ambalo hurahisisha upimaji wa ahadi zote za fedha. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, ilhali uchaguzi mkuu hufanyika mwezi Oktoba. Maana yake ni kwamba Rais anayeapishwa hukuta bajeti ambayo tayari imepitishwa na Bunge lililopita, na bajeti ya kwanza iliyoandaliwa chini ya uongozi wake huanza kutumika Julai ya mwaka unaofuata. Mgombea anayeahidi mradi mkubwa ndani ya siku 100 za kwanza anapaswa kueleza fedha hizo zitatoka fungu gani, au kama anakusudia kuomba idhini ya Bunge. Asipoeleza, ahadi hiyo ihesabiwe kuwa haijakamilika.

Vivyo hivyo kwa maji vijijini, ambayo husimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na kwa umeme vijijini, ambao uko chini ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Miji ya Kibondo na Kasulu iliwahi kutegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya kufikiwa na Gridi ya Taifa. Wakazi wake wanafahamu vizuri tofauti kati ya nguzo iliyosimama na taa iliyowaka, na wanaweza kumpima mgombea kwa ufahamu huo huo.

Swali la wakimbizi

Hakuna swali linalogusa wilaya hizi kama la wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na baadaye ikapokea Warundi. Kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015 kufuatia machafuko ya Burundi. Wananchi wa vijiji vya jirani wamebeba mzigo wa kuni, maji na usalama. Wapo pia waliofaidika kwa masoko na ajira.

Ni swali ambalo ni rahisi kulijibu kwa kaulimbiu. Mgombea anaweza kusema wote wataondoka kesho, na mwingine akasema wote wabaki, na kila mmoja akapata makofi. Mtazamaji anayepima kwa haki atataka kusikia zaidi ya hayo. Tanzania ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na imeridhia Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1951 pamoja na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambayo inakataza kumrudisha mtu kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Urejeaji wa hiari wa Warundi ulianza Septemba 2017 kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi.

Jibu linalostahili alama kamili litataja sheria hizo au maudhui yake, litaeleza mazungumzo na nchi jirani, na litasema nini kitafanyika kwa kijiji kilichopoteza msitu wake. Jibu linalochochea chuki dhidi ya watu linapoteza alama katika kigezo cha tano, hata kama mtazamaji anakubaliana na msimamo wa msemaji. Neno linalotamkwa ukumbini Dar es Salaam au Dodoma husikika pia pembezoni mwa uzio wa kambi.

Kutazama, kusikiliza na kusimuliwa

Wananchi wa nyanda hizi hupata mdahalo kwa njia tatu: wapo wanaotazama, nyumbani au katika vibanda vya video maarufu kama vibanda umiza, wapo wanaosikiliza redio, na wapo wanaosimuliwa kesho yake sokoni, kanisani, msikitini au shambani. Kila njia ina udhaifu wake.

Anayetazama huvutwa na sura. Anashauriwa kufumba macho kwa jibu moja au mawili na kusikiliza maneno peke yake. Anayesikiliza redio huvutwa na sauti, na wagombea wanapokuwa wengi anaweza kuwachanganya; anashauriwa kuandika jina la msemaji kila linapotajwa. Anayesimuliwa hupokea hukumu kabla ya ushahidi. Swali la kumuuliza msimulizi si "nani alishinda?" bali "alisema nini hasa?"

Katika kaya nyingi za Waha, wazee huelezwa yaliyosemwa kwa lugha ya Kiha. Kijana anayefanya kazi hiyo ana wajibu mkubwa: aeleze maneno ya mgombea kwanza, kisha atenganishe na maoni yake mwenyewe.

Vipande vifupi vya video vinavyosambazwa kwenye simu vichukuliwe kwa tahadhari. Sekunde 20 zinaweza kuondoa swali na kubakiza jibu, au kuondoa neno "kama" katika sentensi. Mwenye shaka atafute kipindi kizima. Aidha, ni vyema kila mtu ajaze alama zake kabla ya kusikiliza wachambuzi au wenzake, kwa kuwa penye kelele nyingi mtu husahau alichokisikia mwenyewe.

Mgombea asiyehudhuria

Katika ukanda huu, kiti kitupu si jambo geni. Nchini Kenya, tarehe 24 Julai 2017, Raila Odinga alijibu maswali peke yake baada ya Rais Uhuru Kenyatta kutofika. Tarehe 26 Julai 2022 ikawa zamu ya William Ruto kusimama peke yake, Odinga akiwa hakuhudhuria. Katika kila mwaka kati ya hiyo, aliyekosekana katika mdahalo wa 2017 na aliyejitokeza katika ule wa 2022 ndio waliotangazwa washindi. Hivyo, kuhudhuria au kutohudhuria hakutabiri matokeo.

Kwa upimaji wa haki, mgombea asiyehudhuria asipewe sifuri, kwa kuwa hakuulizwa. Iandikwe tu kwamba hakujibu, na sababu aliyoitoa iandikwe pembeni. Maswali yale yale yatafutiwe majibu katika ilani ya chama chake na hotuba zake. Kadhalika, aliyesimama peke yake asipewe sifa ya kumshinda mtu ambaye hakuwepo. Majibu yake hayakupata wa kuyapinga. Hasara kubwa inabaki kwa mpiga kura, aliyekosa nafasi ya kulinganisha.

Baada ya mdahalo

Tafiti za maoni zinazotangazwa baada ya mdahalo zisomwe kwa kuuliza nani ameulizwa, wangapi, wapi na kwa njia gani. Utafiti wa simu hauwafikii wasio na simu, na kura za mitandaoni hupigwa na wanaotaka kupiga, pengine zaidi ya mara moja. Hakuna kati ya hizo inayochukua nafasi ya kura ya kituoni, ambayo ni haki ya raia aliyetimiza miaka 18 na kuandikishwa katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura.

Mdahalo, vilevile, ni ushahidi mmoja kati ya mwingi. Rekodi ya mgombea katika nafasi alizowahi kushika, ilani yake na watu anaoongozana nao vyote vina uzito, na mpiga kura yuko huru kuvipa uzito anaouona unafaa. Mwongozo huu haumwelekezi nani wa kumchagua.

Karatasi ya alama isitupwe baada ya uchaguzi. Mwezi Juni unaofuata, Waziri wa Fedha anaposoma hotuba ya bajeti bungeni, mwananchi wa Muhambwe, Kasulu Mjini au Kasulu Vijijini anaweza kuichukua, akatafuta ahadi za aliyeshinda, na kuweka alama ya vyema kwenye ile iliyotengewa fedha. Zile zilizobaki bila alama ndizo za kumuuliza mbunge wake atakaporudi jimboni.